Kipindi Kilikuja Hewani, Mchezo Ukaja kwa Matatu

Kabla nguzo za umeme hazijafika kwenye mashamba madogo ya chai ya Belgut, Kericho, televisheni za Sosiot zilikula betri za gari. Betri ilipelekwa senta kuchajiwa, ikarudishwa nyumbani kwa baiskeli, na wenye nyumba wakakubaliana mapema ni kipindi gani kitatazamwa na kipi kitaachwa. Taarifa ya habari ya saa tatu usiku ikimaliza moto Jumatano, mpira wa Ujerumani wa wikendi hautaonekana. Runinga yenyewe aghalabu ilikuwa ndogo, ya inchi 14, ya picha nyeusi na nyeupe. Nyingi zilinunuliwa kwa bonasi, yale malipo ya mara moja kwa mwaka ambayo mkulima wa KTDA huyasubiri baada ya miezi mingi ya kulipwa kidogo kidogo kwa kilo.

Ndani ya kisanduku hicho vilikutana vitu viwili vilivyokuwa jamaa huko vilikotoka: vipindi vya televisheni vya nje, na michezo ya video. Marekani, Uingereza na Japani vilikwenda pamoja. Kipindi kikipendwa, haikupita muda kabla ya mchezo wenye jina lake kuingia madukani, na mara nyingi mchezo huo ulikuwa kituko. Kericho vilifika kila kimoja kwa njia yake, kama watu wasiojuana. Historia ya michezo hiyo ni historia ya biashara ya majina. Palipokuwa na soko la jina, hata mchezo wa ovyo uliuzika. Pale ambapo jina halikuwa na bei, mchezo ulilazimika kujitetea wenyewe.

Mchezo wa mwanzo kabisa wa aina hii uliopata kuenea haukuuzwa na mtu yeyote. Mwaka 1971, Mike Mayfield, mwanafunzi wa sekondari huko California, aliandika programu ya kompyuta iliyotokana na Star Trek, kipindi cha safari za anga kilichoonyeshwa Marekani kati ya 1966 na 1969 kisha kikaondolewa hewani. Kompyuta aliyoitumia ilikuwa mali ya chuo kikuu, na haikuwa na skrini ya picha. Mchezaji aliandika amri kwa taipu, mashine ikafikiri, kisha ikachapa jibu kwenye karatasi: ramani ya anga iliyochorwa kwa nukta, nyota na herufi. Ukirusha kombora, karatasi ilisogea na ramani mpya ikachapwa. Saa moja ya vita iliacha mikunjo ya karatasi sakafuni.

Mayfield hakuwa na leseni, wala hakuna aliyemdai. Programu ilipita mkono kwa mkono, na mwaka 1973 David Ahl akaiingiza katika kitabu chake cha michezo ya kompyuta ambayo msomaji aliichapa mwenyewe, mstari baada ya mstari. Mwaka uliofuata Bob Leedom aliiboresha, akawapa maafisa wa chombo kazi ya kuleta ripoti. Mchezaji akijaribu kutoka nje ya mipaka ya anga aliyopangiwa, anayemletea ujumbe wa makao makuu kwamba ruhusa imekataliwa ni Luteni Uhura. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa ameshika Uhuru, riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 inayohusu Kenya ya kuelekea kujitawala, na jina la mhusika likatokana na kitabu hicho. Toleo la 1978 la kitabu cha Ahl liliuza nakala zaidi ya milioni moja. Hivyo jina lenye asili ya huku kwetu lilikuwa likichapwa na kompyuta za vijana wa Marekani miaka mingi kabla ya kompyuta kuwa kitu cha kawaida katika shule za Kericho.

Miaka kumi baada ya Mayfield, jina lilianza kugharimu. Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ya Japani ilikuwa na tatizo Marekani. Ilikuwa imepeleka huko mashine zipatazo 3,000 za mchezo wa Radar Scope, na takriban 2,000 hazikupata mnunuzi. Kijana mbunifu aliyeitwa Shigeru Miyamoto alipewa kazi ya kuweka mchezo mwingine ndani ya makabati yaleyale. Wazo lake la kwanza lilikuwa Popeye, baharia wa spinachi aliyeanza katika katuni za magazeti mwaka 1929, akaingia sinema na baadaye televisheni. Ruhusa ya kumtumia haikupatikana. Miyamoto aliacha majina lakini akabaki na mkasa: jitu lenye nguvu limemnyakua mwanamke, na mwanamume mdogo anapanda kumwokoa. Adui wa Popeye akawa sokwe, mpenzi wake akawa bibi aliyeshikwa mateka juu ya jengo, na baharia akawa fundi seremala mwenye kofia. Mchezo uliitwa Donkey Kong. Seremala yule, ambaye mwanzoni hakuwa hata na jina la maana, ndiye aliyekuja kuitwa Mario.

Faida ya Donkey Kong ilifungua mlango uliokuwa umefungwa. Mwaka 1982 Nintendo ilitoa mchezo wa Popeye wenye leseni, na Julai 15, 1983, mashine yake ya nyumbani, Famicom, ilipoanza kuuzwa Japani, Popeye alikuwa mmoja wa michezo mitatu ya siku ile ya kwanza. Mpenzi wake anasimama juu akidondosha mioyo, na Popeye anakimbia kuidaka kabla haijazama majini, huku jitu lenye ndevu likimfukuza kutoka ghorofa hadi ghorofa. Akila spinachi, mambo hugeuka kwa sekunde chache, anayefukuzwa akawa mfukuzaji. Asiyewahi kuona hata katuni moja ya baharia huyu ataelewa mchezo kabla ya moyo wa tatu kuanguka. Wenzake wengi hawakuwa na sifa hiyo.

Mwaka huohuo wa 1983 ulionyesha upande wa pili wa biashara. Februari 28, Wamarekani wapatao milioni 106 walitazama kipindi cha mwisho cha M*A*S*H, tamthilia ya madaktari wa jeshi katika vita vya Korea. Ilikuwa imeanza 1972, na ilipendwa kwa maneno yake: mzaha wa madaktari waliochoka, na uchungu uliojificha nyuma ya mzaha huo. Kampuni ya Fox, iliyokuwa na kipindi, ilikuwa pia na tawi la michezo ya video, nalo likatoa mchezo wa M*A*S*H kwa mashine ya Atari 2600. Mchezaji anarusha helikopta akiwaokota majeruhi, kisha anaingia chumba cha upasuaji kuchomoa vipande vya chuma mwilini mwa mgonjwa bila kugusa pembeni. Hakuna mzaha, hakuna mazungumzo. Kilichobaki cha kipindi ni jina kwenye boksi.

Chanzo cha kasoro hiyo ni hesabu. Mnunuzi wa leseni hutoa fedha kabla mstari mmoja wa programu haujaandikwa. Kinachobaki cha fedha na cha muda ndicho kinachowafikia waandishi wa programu, nacho huwa kidogo, kwa sababu mchezo unapaswa kuwahi madukani kabla watu hawajachoka na kipindi. Mashine nazo zilijua mambo machache: kutembea, kuruka, kupiga risasi, kuokota. Kipindi cha mazungumzo kikiingizwa humo, kilipaswa kutafutiwa vita ambavyo hakikuwa navyo. Upande wa sinema, Howard Scott Warshaw alipewa takriban wiki tano kutengeneza mchezo wa E.T. kwa ajili ya Krismasi ya 1982, na mwaka uliofuata Atari ikafukia shehena za kaseti katika jaa la taka huko New Mexico. Soko la Marekani liliporomoka, na kufikia 1985 mauzo yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Nintendo ndiyo iliyolifufua, na uuzaji wa majina ukarudi kwa nguvu zaidi. Miaka ya 1986 hadi 1990 ndiyo iliyozaa vituko vinavyokumbukwa hadi leo.

Kituko kikubwa kuliko vyote kilitengenezwa kwa makusudi. Takeshi Kitano alikuwa mchekeshaji aliyetawala televisheni ya Japani, na mwaka 1986, mwaka uleule alipoanza kipindi cha mashindano ya kuvamia ngome, kampuni ya Taito ilitoa mchezo wa Famicom uliobeba jina na mawazo yake. Mhusika ni mfanyakazi wa ofisini anayetafuta hazina. Ili afike mbali anaweza kuacha kazi, kulewa na kumpa mkewe talaka. Padi ya pili ya Famicom ilikuwa na kipaza sauti kidogo, na mahali fulani mchezaji hulazimika kuimba humo ndani ya baa mpaka mashine iridhike. Mahali pengine anapewa ramani tupu, na njia moja ya kuifanya ionyeshe kitu ni kukaa saa nzima bila kugusa padi. Adui wa mwisho huhitaji kupigwa maelfu ya mara. Wajapani walinunua kwa sababu ya sura ya Kitano, na wengi wakakwama hatua za mwanzo. Mzaha ulikuwa juu ya mnunuzi, na mnunuzi alikuwa ameulipia.

Majina ya zamani ya televisheni ya Marekani nayo yaliokotwa. The Addams Family, kipindi cha familia ya watu wa kutisha lakini wapole, kilikuwa kimeonyeshwa kati ya 1964 na 1966. Mwaka 1989 kampuni ya Sunsoft ilimchukua Fester, mjomba mwenye kipara wa familia hiyo, ikampa bunduki na kumtuma mitaani kupigana na viumbe kutoka sayari nyingine waliowateka watu wa mji. Mwaka 1990 Bandai ilitoa Gilligan's Island, kutokana na kichekesho cha 1964 hadi 1967 kuhusu abiria waliokwama kisiwani. Mchezaji ni nahodha. Msaidizi wake Gilligan anaongozwa na mashine, naye hutumbukia mashimoni, hubaki nyuma na kupotea, na nahodha hana budi kumrudia au kutumia kamba kumvuta. Hapo watengenezaji walikuwa waaminifu kwa kipindi kuliko walivyodhani: Gilligan wa televisheni alikuwa mzigo, na Gilligan wa mchezo naye akawa mzigo, ila sasa aliyebebeshwa ni mtu aliyelipa.

Kisha kuna Knight Rider, kipindi cha gari jeusi linalozungumza, kilichoonyeshwa Marekani kuanzia 1982 hadi 1986. Wakenya wengi waliokua miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 wanaikumbuka. Utamu wa kipindi ulikuwa gari kuwa na akili na ulimi, likimjibu dereva wake na hata kumsuta. Kampuni ya Ocean ya Manchester ilitoa mchezo wake mwaka 1986, na Acclaim ikatoa mwingine kwa mashine ya Nintendo mwaka 1989. Huu wa pili humweka mchezaji nyuma ya usukani, akipita mji baada ya mji wa Marekani na kufyatulia risasi magari mengine. Ukiondoa jina, ni gari jeusi barabarani kama magari mengine ya michezo.

Knight Rider inaonyesha vizuri jinsi njia zilivyotengana zilipoelekea Kericho. Televisheni ya Kenya ilianza 1962, ikachukuliwa na serikali na kuitwa Sauti ya Kenya mwaka 1964, ikapata rangi 1978 na kugeuzwa KBC mwaka 1989. KTN, kituo cha kwanza cha binafsi, kilifuata 1990. Muda wote huo vipindi vya nje vilijaza saa nyingi kwa sababu vilikuwa nafuu. Kipindi kilichokwisha kulipiwa gharama zake Marekani kilihitaji kunakiliwa kwenye utepe tu, na wauzaji walipanga bei kwa kutazama ukubwa wa soko. Nchi yenye runinga chache ililipa kidogo, na picha ikipanda hewani, jirani wa Sosiot asiye na runinga aliitazama bure kwa mwenye nayo.

Kaseti ya mchezo haikuweza kushushwa bei namna hiyo. Ndani yake mlikuwa na chipu iliyotengenezwa kiwandani, ada ya Nintendo, ada ya mwenye jina, gharama ya meli na faida ya kila mkono. Mchuma chai hakuwa mteja wake. Basi gari lenye akili lilifika kwenye runinga za huku, na mchezo wake ukabaki ng'ambo.

Aliyevunja ukuta huo ni mnakili. Viwanda vya Taiwan, Hong Kong na China vilitengeneza mashine zilizofanya kazi kama Famicom bila jina la Nintendo, na katika miaka ya 1990 zikajaa Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya umeme wa Nairobi, zikapandishwa matatu pamoja na redio na pasi hadi kwenye miji ya mikoani. Waya wake ulichomekwa palepale pa antena. Ulizungusha kitufe cha stesheni taratibu, ukapita chenga na mvumo, mpaka herufi zikajitokeza zikitetemeka kisha zikatulia. Haikuhitaji runinga mpya. Kile kisanduku cha inchi 14 kilitosha, ingawa mbuga, bahari na damu vyote vilionekana kijivu.

Kaseti zilikuwa za plastiki ya manjano, na karatasi iliyobandikwa juu ilijaa picha za mashujaa ambao hawakuwemo ndani. Iliandikwa kwamba ina michezo 9999 au zaidi. Orodha ilikuwa ndefu kweli, lakini baada ya kurasa chache michezo ilijirudia, mara hii ikianzia hatua ya tano, mara ile na maisha zaidi. Michezo halisi ilikuwa michache, na iliyochaguliwa ilikuwa midogo, kwa kuwa chipu kubwa iligharimu. Popeye ana ukubwa wa kilobaiti 24. Super Mario Bros. ya 1985 ina 40. Fester na Knight Rider ni wakubwa mara kadhaa, na kila mmoja angekula nafasi ya kundi zima. Jambo la pili ni lile wanakili walilolifanya kwenye skrini ya mwanzo: mara nyingi walifuta jina la kampuni na mwaka. Leseni iliyogombaniwa Japani na Marekani ilifutwa kwa kubadilisha baiti chache.

Matokeo yake ni kwamba kizazi cha vibanda vya geimu kilikulia kwenye michezo isiyo na kipindi nyuma yake. Katika senta, padi ilipita kutoka mkono hadi mkono kwa malipo ya sarafu, na mchezo ulipimwa kwa jambo moja: je, atakayesubiri zamu atabaki au ataondoka? Aliyeshinda mtihani huo kuliko wote ni Mario, yule seremala aliyezaliwa kwa sababu leseni ya Popeye ilikosekana. Haikuwa bahati tupu. Miyamoto aliponyimwa jina maarufu ilimbidi afanye mruko, ngazi na pipa viseme vyenyewe, na mchezo uliotengenezwa kwa watu wasiojua mhusika ni nani ulieleweka popote ulipopelekwa. Kufikia 1989 mkondo uligeuka kabisa: Mario alipewa kipindi chake cha televisheni Marekani.

Majina hayakuacha kuuzwa. Mwaka 1991 Mindscape ilitoa mchezo wa Captain Planet, katuni ya mazingira ambayo kijana wake wa Afrika, Kwame, hubeba pete ya ardhi. Mwaka 1994 Absolute Entertainment ilitoa Home Improvement kwa Super Nintendo, kutokana na kichekesho cha baba anayependa vifaa vya useremala. Kipindi kilihusu ndoa, watoto na jirani wa ng'ambo ya ua. Mchezo ulihusu baba huyo akipambana na dinosaria kwa mashine ya kupigia misumari. Boksi lilikuja na kitabu cha maelekezo kisichoeleza lolote: juu yake palikuwa na maneno kwamba wanaume halisi hawahitaji maelekezo. Wanunuzi walicheka kwanza, kisha wakakwama.

Mwaka 2015 Kenya ilizima mitambo ya analojia. Katikati ya Februari stesheni kubwa za binafsi zilitoweka hewani kwa takriban wiki tatu, na zilipoanza kurudi, runinga ya zamani bila king'amuzi ilikuwa haina inachopokea. Mashine ya geimu haikuhitaji king'amuzi. Simu zilikuwa zimeshaanza kuchukua nafasi ya vyote viwili, na leo mtu wa Belgut mwenye simu ya bei ya wastani na programu ya kuiga mashine za zamani anaweza kumcheza Fester au Gilligan, michezo ambayo enzi zake haikuweza kufika. Wengi wanaoijaribu huiacha mapema, kwa sababu kilichoipa thamani kilikuwa kumbukumbu ya kipindi, na kumbukumbu hiyo hawanayo.

Vipindi ambavyo kumbukumbu yake wanayo havikupata mchezo. Vitimbi iliwafanya Mzee Ojwang na Mama Kayai wajulikane nchi nzima. Vioja Mahakamani iliwapandisha kizimbani watu kama Ondiek Nyuka Kwota na Masanduku arap Simiti, wakajitetea kwa hoja zilizopinda, na shitaka likageuka mara tatu kabla ya hukumu. Wakati wa kaseti hapakuwa na wa kuuziwa leseni hiyo, kwa kuwa mchezo ulihitaji kiwanda, na kiwanda kilihitaji duka la mteja tajiri. Kizuizi hicho kimeondoka. Mwaka 2011 na 2012 vijana wa Nairobi waliziweka matatu kwenye simu katika Ma3Racer, mchezo uliopakuliwa bila kaseti wala meli. Na atakayesema kwamba kesi ya kuchekesha haiwezi kuchezwa atazame Japani: mwaka 2001 Capcom ilitoa mchezo ambao kazi yake kubwa ni kusikiliza shahidi, kumkamata kwenye uongo na kupaza sauti ya kupinga mbele ya hakimu, nao umeendelea kupata matoleo kwa zaidi ya miaka ishirini. Hauna kuruka wala risasi. Watengenezaji wa M*A*S*H walishindwa kuyageuza maneno kuwa mchezo. Capcom waliweza, na hawakununua jina la kipindi chochote.

Kwa hiyo atakayemtengenezea Masanduku mchezo asianze na jina lake. Aanze na kesi: uongo unaokaribia kusadikika, na nafasi moja ya kuuumbua. Kesi hiyo ikimshika mtu wa Mombasa asiyewahi kuona hata kipindi kimoja, ndipo jina liandikwe juu.